Malalamiko Kuhusu Mwanafunzi Aliyeagwa Mara Tatu na Bado Yupo

Ofisi ya Walimu,
meza ya dirishani, karibu na birika la chai,
Shule ya Msingi iliyo ng'ambo ya barabara, mkabala na geti la kambi yako.

Kwa Afande Mkuu wa Kikosi,

Salamu kwanza, ugomvi baadaye. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na maafisa wako na kila aliye chini ya amri yako, na kwamba zile mbio mnazokimbia alfajiri mkipita chini ya dirisha la chumba changu huku mkiimba zinaendelea kuwajengea afya. Mimi zinaniamsha, lakini hilo nimelihifadhi kwa barua nyingine.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, na ndiye mwalimu wa darasa la sita. Pia, kwa mujibu wa waraka wa idara ya elimu, mimi ni Mlezi wa Watoto wa Familia za Wanajeshi. Cheo hiki sikukiomba. Nilichaguliwa kwa kauli moja katika kikao ambacho sikuhudhuria, siku niliyokwenda kung'olewa jino. Nilirudi shavu limevimba, nikapigiwa makofi, na sikuweza kukataa kwa sababu sikuweza kusema chochote.

Waraka wenyewe si mbaya. Unasema mtoto wa mwanajeshi huhamishwa mara kwa mara bila kosa lake, kwa hiyo shule za umma zimsaidie kwa mambo matatu: apokewe vizuri, afundishwe kwa ukaribu, na siku ya kuondoka aagwe kwa heshima ili asibebe kinyongo. Nimeusoma mbele na nyuma. Hakuna mahali unapoeleza afanywe nini mtoto akishaagwa kwa heshima halafu asiondoke. Ni wazi aliyeuandika hakijui kikosi chako.

Mwanafunzi ninayemzungumzia ni binti wa sajini wako, yule fundi wa malori. Wenzake wanamwita Koplo, kwa hesabu zao kwamba baba akiwa sajini basi mtoto atakuwa ngazi moja chini yake. Alikuja kwetu mwaka jana katikati ya muhula, shule yetu ikiwa ya tano kwake. Siku ya kwanza aliniuliza mambo matatu tu: choo kiko wapi, maji ya kunywa yako wapi, na ni nani hapa anayepiga wenzake. Nikamwonyesha choo, nikamwonyesha bomba, nikamwonyesha na huyo mpigaji. Akashukuru, akaenda kukaa. Kuna watoto hapa wako mwaka wa sita na bado hawajui maji yako wapi, kazi yao kuniuliza mimi.

Sasa naomba nikupangie malalamiko yangu kwa nambari, maana mimi ni mtu wa hesabu, na ninyi nasikia mnapenda vitu vikikaa kwenye mstari.

1. Kuagwa kwa mara ya kwanza. Ilitoka amri kwamba kundi la sajini linahama Jumamosi. Koplo alikuja kuniambia kwa sauti ile ile anayoombea ruhusa ya kwenda chooni. Mimi nikakunja mikono ya shati nikaingia kazini. Ijumaa mchana tulisogeza madawati ukutani. Kwaya iliimba, mtoto mmoja akasoma shairi. Mwalimu mkuu, ambaye machozi yake yako karibu siku zote, alilia kabla hotuba haijafika kwenye jina la mtoto. Watoto walipanga foleni wakampa mkono mmoja mmoja na zawadi zao: kalamu, vifutio, picha za kuchora kwa mkono. Jirani yake wa dawati, msichana tunayemwita Kasuku kwa sababu tangu darasa la kwanza mdomo wake haujapata likizo, alimpa mkebe wake wa hesabu, bikari na kila kitu ndani. Mkebe huo alinunuliwa na mjomba wake kwa kufaulu. Hapo darasa zima likaangua kilio, jamani, kilio cha kweli, mpaka askari wako wa zamu akavuka barabara kuja kuuliza tumefiwa na nani.

Jumatatu nikaita majina. Nilipofika kwake nikaliruka. Sauti ikatoka kule nyuma ikasema yupo.

Afande, sijui jeshini mnafanyaje mtu mliyemlilia akirudi na mkoba wake. Darasani kwangu hakuna aliyejua. Walimkodolea macho kana kwamba amefufuka na anadai vitu vyake. Eti lori la mizigo liligoma kuwaka, na fundi wa kulitengeneza ni baba yake huyo huyo, na spana zake zilikuwa zimefungwa chini kabisa ya mizigo ndani ya lori hilo hilo. Mpaka zilipotolewa, amri nayo ikawa imeahirishwa. Koplo mwenyewe aliona aibu kuliko sisi sote. Alikuwa amezileta zawadi zote ndani ya mfuko, akapita dawati kwa dawati akizirudisha. Ikazuka vurugu. Wako waliozipokea haraka haraka, wako waliokataa kata kata, na mmoja akadai alitoa kalamu mbili akarudishiwa moja. Kasuku alikataa mkebe wake. Alimwambia kaa nao tu, kama huendi leo si utakwenda kesho. Hesabu siku hiyo sikufundisha.

2. Kuagwa kwa mara ya pili. Haukupita muda, amri nyingine. Safari hii nilipunguza. Madawati tuliyasogeza nusu. Kwaya ilirudia wimbo ule ule na shairi lilikuwa lile lile, isipokuwa msomaji alisahau kubadilisha na akasema tena kwamba hii ni mara ya mwisho kumwona. Mwalimu mkuu alilia, lakini yeye hulia hata kwenye mahafali ya shule za watu. Watoto walilia pia, ingawa niliona baadhi yao wakichungulia kwa jicho moja kuona wenzao wamefika wapi.

Jumatatu: yupo. Malori yalikwenda hadi njia panda yakaitwa yarudi. Nilipomuuliza safari ilikuwaje alinijibu kwamba pale njia panda ni pazuri, kuna duka la matunda. Basi.

3. Kuagwa kwa mara ya tatu. Hapa ndipo nilipofanya kitu ambacho sijawahi kusikia kikifanywa na shule yoyote. Niliandaa kuaga kwa masharti. Kiranja wa darasa alisimama akasoma kwamba tunakutakia safari njema endapo utasafiri, na tutakukumbuka endapo hutakuwepo. Mwalimu mkuu alitoa hotuba ile ile akiwa anatazama nje, kwa sababu sasa anaijua kwa moyo. Zawadi hazikuwepo, ila mtoto mmoja alimpa nusu biskuti kisha akamwomba amrudishie Jumatatu. Aliyelia alikuwa mmoja tu, na nitamfikia kwenye nambari ya saba.

Jumatatu nikaita majina. Unajua jibu. Mara hii ilikuwa amri ya kundi jingine kabisa, majina yalichanganywa ofisini kwenu. Nilitamani kujua kama kuna mtoto mahali fulani aliyepaswa kuagwa na hakuagwa, lakini hilo halikuwa kazi yangu.

4. Faili. Tulipomuaga mara ya kwanza, mwalimu mkuu alituma faili la mtoto kwenye shule anakohamia, ili likifika lisubiri. Faili lilifika salama. Kwa hiyo sasa faili la Koplo linasoma kule na Koplo mwenyewe anasoma huku. Mwenzangu wa kule, naye ni Mlezi wa Watoto wa Familia za Wanajeshi, mama mmoja mwenye sauti ya kukwaruza, alinipigia simu. Wameshamkaribisha mara mbili. Waliweka kiti mbele, wakakizungushia karatasi za rangi, watoto wakakiimbia kiti. Sasa kule ameandikwa mtoro. Wamemwandikia mzazi barua ya onyo. Mtoto ambaye kwangu ndiye wa kwanza kwa hesabu, kule anasubiriwa aadhibiwe kwa kutohudhuria shule ambayo hajawahi kuiona. Nilimweleza yule mama mambo yalivyo tangu mwanzo. Alinisikiliza kwa subira, kisha akaniuliza kwa upole kama nina hakika mtoto huyu yupo.

Na mwakani ni mtihani wa kumaliza shule. Huku hawezi kuandikishwa kwa sababu faili halipo. Kule hawezi kuandikishwa kwa sababu yeye hayupo.

5. Mikoba. Koplo hajawahi kuweka kitu ndani ya dawati. Daftari akimaliza linarudi kwenye mkoba, mkoba unakaa mapajani, zipu imefungwa. Tangu alipokuja yuko hivyo, na mimi sikusema kitu, nikajua ndivyo alivyolelewa. Lakini baada ya kuagwa mara ya pili Kasuku naye akapakata mkoba wake. Kisha wa mbele yao. Sasa nikiingia darasani nakuta watoto arobaini na kitu wamekaa wima, kila mmoja na mkoba mapajani, kama abiria waliosikia gari limeingia stesheni. Madawati yako matupu. Nimewaamuru waiweke chini. Wanaiweka chini, nageuka kuandika ubaoni, nikirudi iko mapajani. Nilimuuliza kiranja wana haraka gani. Akasema hawana haraka, Mwalimu, ila huwezi kujua.

Kiranja huyo ni mtoto wa muuza viatu, Afande. Amezaliwa kwenye nyumba ile ile alimozaliwa babu yake. Eti huwezi kujua.

6. Kasuku. Miaka yote hii nimemwadhibu Kasuku kwa kuzungumza. Nimemsimamisha, nimemhamisha dawati, nimemwita mama yake, nimemwita na shangazi yake. Nilishawahi kusema mbele ya walimu wenzangu kwamba nitachinja mbuzi siku Kasuku atakaponyamaza. Sasa amenyamaza. Ukimuuliza swali anajibu kwa kipimo, na kama hukumuuliza hasemi. Mama yake amekuja mwenyewe safari hii, bila kuitwa. Anasema mtoto amemwambia kwamba kuongea na Koplo hataki tena, kwa sababu mara zote tatu kulikuwa na habari anamsimulia na haijafika mwisho. Wanakaa pamoja bado. Wanatumia mkebe mmoja. Mmoja anasukuma rula, mwingine anaipokea, na hakuna anayetazama pembeni.

Nilikuwa nafikiri nataka ukimya, Afande. Huu si ule niliokuwa nautaka.

7. Heshima yangu. Imeenezwa habari hapa shuleni kwamba katika kuagwa kwa mara ya tatu mwalimu wa hesabu alilia. Ilikuwa chaki. Nilikuwa nimefuta ubao dakika hiyo hiyo, dirisha lilikuwa wazi, na upepo ukafanya kazi yake. Nimeeleza hivyo ofisini na nimeeleza nyumbani. Mke wangu ni muuguzi, kazi yake inamkutanisha na watu wazima wanaolia, na kwa hiyo anajiona mtaalamu. Aliniuliza ni chaki gani hiyo inayomfuata mtu mpaka jikoni kwake jioni. Kisha akacheka mpaka akashika ukuta. Nakuletea jambo hili rasmi kwa sababu nisingeaibishwa katika nyumba yangu kama kikosi chako kingekuwa kinaondoka kinaposema kinaondoka.

Hayo ndiyo malalamiko. Kabla ya maombi, niseme kwamba baba yake alikuja.

Nilikuwa nimemwandalia maneno, sitaficha. Nilikuwa nimeyapanga kichwani tangu barabarani, makali, yenye ushahidi. Alifika wakati wa mapumziko, na magwanda yake, kofia mkononi, mafuta ya gari yameingia kwenye mistari ya viganja hayatoki tena. Nilimwambia aketi, akabaki amesimama mlangoni. Akaniomba radhi. Mimi, Afande, nilikuwa nimejiandaa kugombana na mtu, na mtu akaanza kwa kuniomba radhi. Akasema nyumbani kwao vikombe vyote viko ndani ya sanduku, vimefungwa magazeti. Wamefungua kimoja tu na wanakunywea kwa zamu. Mkewe alikuwa akimuuliza kila jioni kama safari ipo au haipo. Sasa haulizi tena. Yeye mwenyewe huijua safari pale tu anapoambiwa.

Ndipo akaniuliza swali. Alitaka kujua, kwa kuwa mimi ndiye Mlezi na ninao waraka, amri ikija tena amwambie mtoto mapema, au amwache alale, ambebe na blanketi lake ampandishe garini, ajue wakiwa wameshafika. Aliuliza kama mtu anayeuliza dawa inywewe kabla au baada ya chakula. Nilifungua waraka mbele yake. Nikaupekua. Nikamwambia suala hilo ni la ngazi ya juu na nitalifikisha kwa Mkuu wake. Sasa nimelifikisha. Naomba jibu.

Maombi yangu ni haya, na nimeyapanga kutoka jepesi hadi zito.

Naomba kwanza kwamba amri yoyote ya kumhamisha sajini huyu iambatane na kiapo chako mwenyewe, kwamba itatekelezwa. Kama kiapo ni kigumu, basi kila amri inapoahirishwa mtuletee afisa mwenye cheo cha kutosha, pamoja na bendi yenu, aje asimame mbele ya darasa la sita atufutie yale tuliyokwisha kuyasema. Aturudishie hotuba na wimbo. Ikiwezekana aturudishie na machozi, kwa wale walioyatoa.

Kama bendi haina nafasi, nina pendekezo jingine, na nakuomba usilicheke kabla hujalipima. Lihamisheni darasa zima. Jeshi linaloweza kuhamisha jiko, hospitali ya mahema na mizinga haliwezi kushindwa na watoto arobaini na kitu na ubao mmoja. Ubao nimeshaupima, unaingia ndani ya lori ukilazwa. Watoto, kama nilivyokueleza, mizigo yao iko mapajani. Mimi nitakaa popote, hata juu ya magurudumu ya akiba. Sajini akipelekwa mpakani, tutasomea mpakani. Akiitwa arudi kutoka njia panda, tutarudi naye, na hakuna mtu atakayehitaji kuagwa kwa sababu hakuna mtu atakayebaki. Wazazi sijawauliza, ila nina hakika wakielezwa vizuri wataona mantiki. Waraka unasema tumsaidie mtoto huyu kwa ukaribu. Sioni ukaribu mwingine uliobaki.

Na kama hilo nalo ni zito, basi nakuja kwenye ombi la mwisho, ambalo ndilo ombi hasa. Amueni. Mwacheni mtoto huyu hapa amalize shule, au mchukueni aende moja kwa moja. Nimechoka na labda. Labda ndiyo imelijaza darasa langu mikoba, labda ndiyo imemziba Kasuku mdomo. Kuondoka kunajulikana, mtu analia, anapenga kamasi, anafungua ukurasa mpya. Ninyi ni watu wa silaha, mmezoea kukata. Kateni basi, mara moja, na sisi huku tutajikaza kisabuni. Nakuahidi kwa niaba ya shule nzima kwamba Koplo akiondoka kweli kweli hamtasikia hata pua ikivutwa.

Upande wangu nimeshachukua hatua. Nimetangaza darasani kwamba kuanzia sasa kuaga ni marufuku. Amri ije, isije. Hakuna wimbo, hakuna mkono, hakuna kupunga. Siku hiyo itakuwa siku ya kawaida ya sehemu na desimali, na atakayethubutu kumuaga mwenzake atabaki baada ya masomo akifagia. Niliwauliza kama wameelewa, wakajibu ndiyo Mwalimu, wote kwa pamoja. Kusema kweli ndiyo mara pekee mwaka huu walipoelewa kitu kwa pamoja.

Nakuomba unifikishie salamu kwa sajini na mkewe. Msalimie na askari wa zamu aliyevuka barabara kuja kutupa pole, mwambie tulithamini. Wasalimie karani wenu anayechanganya majina, mpishi wenu ambaye harufu ya maandazi yake inaniharibia kipindi cha tatu, na wale wakimbiaji wa alfajiri, hasa yule anayeimba nje ya sauti. Hapa wote wanakusalimu. Mwalimu mkuu angekusalimu kwa maandishi ila nimemficha kalamu, maana angelowanisha karatasi. Mke wangu anasema nikusalimu na niache kujifanya.

Ni mimi, ninayekuheshimu wewe na ninayeishuku ratiba yako,

Mwalimu wa Darasa la Sita,
Mlezi wa Watoto wa Familia za Wanajeshi.

Nakala: Mwalimu Mkuu (asome akiwa na leso).

Nyongeza:

Afande, bahasha ilikuwa imekwisha kufungwa. Nilikuwa niilete mwenyewe getini leo wakati wa mapumziko. Nimeichana tena niongeze haya, unisamehe mwandiko.

Asubuhi nimeita majina. Nimefika kwake nikasubiri. Nimelirudia, nikadhani hakusikia. Ndipo Kasuku akasema, bila kuulizwa, kwamba wamekwenda. Malori yamepita mbele ya kwao kukiwa bado hakujapambazuka vizuri, yeye alikuwa nje anateka maji. Anasema Koplo alikuwa juu ya magodoro na alimwona. Walitazamana mpaka kona. Anasema hakumpungia mkono kwa sababu Mwalimu amekataza. Kisha akaniuliza kama alifanya vizuri.

Jana mwisho wa kipindi Koplo alikuja mezani kwangu akasimama. Nilikuwa nasahihisha. Nikamuuliza kuna nini. Akasema hakuna kitu, Mwalimu. Nikamwambia kama hakuna kitu aende akakae, na safari nyingine aonyeshe njia ya hesabu, asiandike jibu tupu. Akasema sawa. Alikaa. Baba yake alikuwa amemwambia, sasa naona, na mimi ndiye niliyemfungia mlango.

Hakuna anayelia hapa. Nilikuahidi hivyo na wanatekeleza. Wamekaa wima wananitazama mimi, wanasubiri niseme leo ni sehemu au desimali, na mimi nimegeukia ubao naandika barua hii juu ya kisanduku cha chaki.

Kwa hiyo nakuomba ufute malalamiko yangu, la kwanza hadi la saba, na maombi yangu yote, hasa lile la mwisho. Sikujua ninachoomba. Ile labda yenu ilikuwa na Jumatatu ndani yake. Kama malori bado yako barabarani, na kama mna redio, waite. Sababu yoyote itatosha, hata kosa la karani. Tutaimba upya, tutamuaga Ijumaa hii na Ijumaa nyingine na kila Ijumaa mnayotaka, na mimi nitalia mbele ya watu wote, nitasema ni machozi. Ninachohitaji kwenu ni kile mnachokijua kuliko jeshi lolote duniani. Isitisheni amri, Afande.